Ntuntunu si Gugu la Kufyekwa

Kila inapotangazwa siku ya ukaguzi, mapanga hutoka katika nyumba zetu za kambini, na mmea wa kwanza kulazwa chini ni ntuntunu. Katika kambi moja nilimwona sajini mmoja, mtu hodari wa kazi, akiusafisha ua wa nyuma ya nyumba yake hadi ukawa mweupe kama uwanja wa kwata. Mkewe alitoka na bakuli tupu mkononi, akamwambia, “Baba watoto, umefyeka matunda ya wanao.” Sajini hakujibu. Na mkaguzi mwenyewe, ndugu askari, hakufika nyuma ya nyumba.

Ntuntunu ni jamaa ya nyanya, biringanya, viazi mviringo na tumbaku. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kabla ya mwaka 1807 ilikuwa imekwisha kulimwa katika Rasi ya Tumaini Jema, ndiyo sababu Waingereza wakalipa tunda hilo jina la Rasi. Hapa Uganda imezoea udongo wetu, hasa penye baridi kama Kigezi, hata wengi hudhani ni mmea wa kwetu tangu zamani. Tunda lake lina vitamini C, na rangi yake ya manjano hutokana na kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, yenye kulinda macho. Askari wa lindo la usiku haelezwi thamani ya macho.

Hata hivyo, iko hatari ambayo wazazi hawana budi kuifahamu. Majani, shina na tunda bichi vina sumu. Watoto wa kambini hawana subira. Huona kifuko kimetuna, wakapasua na kula kijani kilichomo. Wafundisheni amri moja nyepesi: ntuntunu haichumwi, huokotwa. Ikiiva huanguka yenyewe, ganda lake limekauka kama karatasi, na ndani tunda ni la rangi ya dhahabu. Iliyoanguka ikiwa kijani isiliwe.

Kuipanda si kazi kubwa. Kamua matunda yaliyoiva sana ndani ya maji, osha mbegu, zianike kivulini, kisha zisie katika kopo lenye udongo laini. Huota baada ya siku 10 hadi 20. Miche ikifikia sentimita 15 au 20, ihamishe, ukiacha mita 1 kati ya mche na mche. Usiipande palipotoka nyanya au viazi, kwa kuwa maradhi yao ni mamoja. Mbolea iwe ya kiasi, la sivyo utavuna majani. Simika nguzo na kuifunga; mstari ulionyooka wenye nguzo hakuna mkaguzi atakayeuita kichaka. Mmea mmoja uliotunzwa waweza kutoa matunda 300.

Matunda yasiyomenywa hukaa mwezi mzima katika kikapu pakavu bila kuharibika. Kwa jemu, chemsha kilo 1 ya matunda kwa maji kidogo, tia robo tatu ya kilo ya sukari na maji ya ndimu, ukoroge hadi izito. Na uhamisho ukija, mimea huendelea kuzaa kwa atakayeingia nyumbani humo. Wewe chukua mbegu katika bahasha.