Kabla ya kupanda Kawambwa, upime mlima

HAPA Kafutuma, wilayani Nchelenge, jua likichomoza baiskeli huwa nyingi kuliko magari. Zinatoka mwaloni na magunia ya dagaa, ambao wenyeji wanawaita chisense, zikielekea sokoni. Sisi wa upande wa Kongo baiskeli tunaiita kinga, Wabemba wanaiita incinga, lakini kazi yake ni moja. Ninyi mnaovuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa, au mnaopitia Pweto kuja kufanya biashara, mnawajua vijana wanaoziendesha. Bila miguu yao mzigo haufiki.

Oktoba 2025 vijana hao walikubaliana jambo jipya. Walikuwa wametazama kwenye simu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Kigali kuanzia Septemba 21 hadi 28 mwaka huo, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Nao wakataka mbio zao. Waliamua kuanzia Nchelenge, kufuata bonde la Luapula hadi Mbereshi, kisha kukata mashariki na kupanda hadi Kawambwa. Siku iliyochaguliwa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kabla ya uvuvi kufungwa Desemba 1 kama ilivyo kila mwaka upande wa Zambia. Kila mshiriki alitoa mchango, na fedha zote zingegawanywa kwa watatu wa kwanza.

Nilikuwa nimevuka kutoka Kilwa kuja kuisalimia familia ya rafiki yangu marehemu. Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka 20, akaniita pembeni.

"Baba mdogo," akasema, "nataka kuuza nyavu za baba ninunue baiskeli ya mashindano. Kuna mtu anayo, ina tairi nyembamba. Kwenye lami hii hakuna atakayenishika."

"Na kule kwenye kupanda?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mimi nabeba gunia zito kila siku. Mlima wa Kawambwa utanifanya nini nikiwa sina mzigo?"

Mimi sikucheka. Mlima ule naufahamu, na baba yake aliufahamu zaidi yangu.

Tulivyoujua mlima

Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, nilikuwa na miaka 15. Tulivuka mpaka pamoja na maelfu ya watu, tukapelekwa kambi ya Kala, wilayani Kawambwa. Huko ndiko nilikosoma. Mwalimu wetu wa jiografia, mkimbizi kama sisi, hakuwa na ramani ya ukutani. Alikusanya udongo ukawa kilima kidogo, akakizungushia nyuzi, moja juu ya nyingine, kwa nafasi sawa kwenda juu. Kisha akatuambia tusimame tukitazame kutoka juu kama ndege, tuchore tunachokiona. Hizo ndizo kontua. "Nyuzi zikiachana, mtatembea," alisema. "Zikibanana, mtatoa jasho."

Jasho lenyewe tulilitoa barabarani. Tulipopata kibali cha kutoka kambini, mimi na rafiki yangu tuliazima baiskeli, tukateremka na mahindi kidogo hadi bondeni kubadilishana na samaki. Kuteremka kulikuwa raha. Kurudi tulisukuma. Mwaka 2003, katika safari moja kama hiyo, breki ya rafiki yangu ilikatika akiwa na gunia nyuma. Alivunjika mguu wa kulia. Mtihani wa mwaka ule hakuufanya, na mguu haukunyooka tena. Urejeaji uliosimamiwa na UNHCR ulipoanza mwaka 2007, mimi nilirudi Kongo. Yeye alikuwa ameshaoa huku, akabaki ziwani na nyavu zake. Ndizo hizo ambazo mwanawe alitaka kuziuza.

Basi niliona ni wajibu wangu kukaa na kijana huyu tufanye hesabu kwanza. Nikamwambia, tukimaliza, uamuzi utakuwa wake.

Wastani unavyodanganya

Uso wa Ziwa Mweru uko takriban mita 920 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kawambwa uko kwenye ukingo wa uwanda wa juu, kama mita 1,300. Tofauti ni karibu mita 400. Njia nzima ni kati ya kilomita 80 na 90. Ukigawanya, unapata chini ya mita 5 za kupanda kwa kila kilomita. Kijana alipoiona hesabu hiyo alishangilia.

Lakini hapo ndipo wastani unapomdanganya mtu. Kutoka Nchelenge hadi Mbereshi barabara inafuata bonde, na hiyo ni zaidi ya nusu ya safari. Karibu kimo chote kimewekwa kwenye kilomita zisizozidi 40 za mwisho. Gawanya tena: ni mita 10 kwa kilomita, mara mbili ya ile ya kwanza. Na hata hizo hazikugawanywa sawasawa kama unga wa mgawo kambini. Kuna mahali barabara inapumzika na mahali inapoinuka. Anayetaka ushahidi aende akatazame maporomoko ya Ntumbachushi, jirani na barabara hiyo upande wa Kawambwa, ambapo Mto Ng'ona unaanguka kama mita 30. Ardhi ya huku inashuka kwa ngazi.

Jambo la pili ni kwamba tofauti ya mwanzo na mwisho siyo jumla ya kupanda. Barabara ikishuka mita 15 kufuata daraja na kupanda tena, mita hizo 15 utazilipa kwa miguu yako, ingawa hazionekani ukitoa kimo cha Nchelenge kwenye kile cha Kawambwa.

Mfano mzuri ni Kigali. Najua jina hilo linawauma baadhi ya wasomaji wetu. Leo nalitaja kwa ajili ya vilima vyake tu. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zikianza na kuishia mji ule ule. Mtu angeweza kusema hawakupanda popote. Kumbe jumla ya kupanda ilikuwa mita 5,475, yaani zaidi ya mita 20 kwa kila kilomita. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya kuendesha peke yake kilomita 66 za mwisho, na waliomaliza walikuwa 30 tu kati ya zaidi ya 160 walioanza.

Rula, chupa na simu

Je, mtu asiye na vyombo vya wahandisi ataupimaje mwinuko wa njia yake? Ziko njia tatu, na ni vizuri kuzitumia zote.

Ya kwanza ni ramani yenye kontua. Hesabu mistari ambayo barabara inaikata, kisha zidisha kwa pengo lililoandikwa pembeni ya ramani. Mistari mitano yenye pengo la mita 20 ni mita 100 za kupanda. Tazama pia imebanana wapi, maana hapo ndipo mbio zitakapoamuliwa.

Ya pili ni simu. Simu nyingi za kisasa husoma kimo kwa setilaiti, lakini zinaweza kukosea kwa makumi ya mita. Kwa hiyo anza kwa kusoma kimo ukiwa ufukweni. Ikikuambia 950, ujue imezidisha kama 30. Ukifika mahali pa kupima, simama, subiri namba itulie, ndipo uandike. Tofauti kati ya vituo ndiyo inayokusaidia kuliko namba yenyewe.

Ya tatu ni ile ninayowafundisha wanafunzi wangu. Chukua fito iliyonyooka yenye urefu wa mita moja, na chupa ndogo ya plastiki yenye maji, ibakishe hewa kidogo ndani. Laza fito pembeni mwa barabara, ikielekea kule mlima unakopanda. Inua ncha ya chini mpaka povu la hewa kwenye chupa iliyolazwa juu ya fito likae katikati. Sasa pima kwa rula nafasi kati ya ncha hiyo na lami. Sentimita utakazopata ndiyo asilimia ya mwinuko. Sentimita 2 ni asilimia 2, na hapo utapanda huku unazungumza. Sentimita 6 ni asilimia 6, maana yake mita 60 kwa kilomita moja, na mazungumzo yatakwisha. Pima sehemu nyingi, na kaa mbali na malori.

Tulipanda lori hadi Kawambwa, tukarudi taratibu hadi Mbereshi tukipima na kuandika kwenye daftari. Ilituchukua siku nzima. Jioni kijana hakuwa akicheka tena.

Gia ndiyo mali

Siku iliyofuata tulikwenda kuitazama baiskeli ya tairi nyembamba. Ilikuwa nzuri kweli, nyepesi, lakini gia zake zilikuwa zimeondolewa. Mbele ilikuwa na meno 46, nyuma 18. Mzunguko mmoja wa pedeli uliisogeza zaidi ya mita 5. Kwenye tambarare hiyo ni mbio. Kwenye mlima unaokupunguza hadi kilomita 10 kwa saa, miguu itazunguka kama mara 31 tu kwa dakika, kila mzunguko ukiwa kama kung'oa kisiki.

Mjomba wake alikuwa na baiskeli kuukuu ya gia sita, imejaa kutu. Mbele meno 42, na gia kubwa ya nyuma meno 28. Kwa mwendo ule ule, miguu ingezunguka kama mara 53. Mlima haupungui, lakini kazi inakatwa vipande vidogo ambavyo goti linaweza kuvibeba. Kijana alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akasema atanunua mnyororo mpya, waya za breki na raba zake, na nyavu zitabaki ndani.

Kuhusu mazoezi, nilimwambia asidhani kwamba kubeba gunia kwenye tambarare kunatosha. Gunia linakufundisha uvumilivu. Mlima unataka nguvu isiyokatika kwa dakika nyingi mfululizo. Mara mbili kwa wiki alikwenda Mbereshi, akapanda kwa dakika 10, akateremka polepole, akarudia mara nne. Siku nyingine aliendesha dhidi ya upepo wa ziwa, ambao nao ni mlima usioonekana. Siku mbili za mwisho alipumzika. Kinywaji chake kilikuwa kile cha kliniki: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Aidha, nilimsisitiza apime malaria. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa sana na ugonjwa huo, na vijana wetu wamezoea kufanya kazi na homa mwilini. Kupanda mlima ukiwa na homa si ushujaa.

Kushuka ndio ngoma

Jambo moja nililipeleka kwa vijana wote. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Novemba mvua zimeanza, lami inateleza, na baiskeli nyingi za mizigo breki zake ni za kubahatisha. Niliwaomba wakate sehemu ya zawadi wakodi lori la kuwarudisha bondeni, ili asiwepo wa kuteremka kwa baiskeli akiwa amechoka. Walinung'unika, maana zawadi ilipungua. Mama wa kijana, aliyekuwa akitusikiliza huku akianua dagaa, akasema neno moja tu: "Mliuona mguu wa baba yake." Wakakubali.

Siku ya mbio nilisimama Mbereshi penye njia panda. Baiskeli ya tairi nyembamba, ambayo ilikwishanunuliwa na mwingine, ilipita ya kwanza kwa mbali. Kijana wetu alipita wa 11, ameinamisha kichwa, anakunywa maji. Nilipomfikia Kawambwa kwa gari alikuwa amemaliza wa nne, na hakushuka kwenye baiskeli hata mara moja. Mwenye tairi nyembamba alifika baadaye, akisukuma kama tulivyokuwa tukisukuma sisi miaka ile.

Wa nne hapati kitu. Kijana alikasirika, na sikumlaumu. Alikaa juu ya jiwe, kanga ya mama yake mabegani, hataki kusemeshwa. Lakini lori lilipoanza kuteremka jioni, na mvua ikinyesha, alisogea karibu yangu akauliza ni wapi hasa baba yake alipoangukia. Nikamwonyesha. Akapatazama mpaka tulipopita.

Nyumbani nyavu zilikuwa zimetundikwa palepale ukutani, zikisubiri ziwa lifunguliwe.