Fahamu: Kwa nini kuficha matumizi ya zamani ya dawa za kulevya ni hatari kwa mwombaji wa kibali cha usalama Marekani

Nchini Marekani, anayeomba kibali cha usalama, yaani idhini ya kuona siri za serikali, hujaza fomu ya SF-86, ambayo humtaka aeleze kama alitumia dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, bangi ikiwamo, hata kama jimbo lake limeihalalisha, kwa kuwa sheria ya shirikisho, ile inayotawala nchi nzima, bado inaikataza. Mwongozo wa mwaka 2017 hauyahesabu matumizi ya zamani kuwa kizuizi cha kudumu, kwani wakaguzi hupima muda uliopita, wingi wa matumizi na ushahidi kwamba mhusika ameachana nayo. Uongo ndio mzito zaidi: kuidanganya serikali kwa makusudi ni jinai yenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka 5, ilhali fomu hiyohiyo, na hili waombaji wenye hofu wanastahili kulijua mapema, inaahidi kwamba jibu la kweli kuhusu utumiaji halitakuwa ushahidi dhidi yao katika kesi ya jinai. Wachunguzi huwahoji pia majirani, waajiri na marafiki, na mwenye jambo alilolificha huonekana kuwa rahisi kutishwa na majasusi wa kigeni watakaoligundua.