Utambeba Vipi? Kuwinda Peke Yako Ukitokea Southall

Kwenye kipindi cha wiki hii nilitaja juu juu tu kwamba nimeanza kuwinda, na meseji zikamiminika. Wengi mliuliza kuhusu bunduki. Hakuna aliyeuliza swali nililoulizwa na mzee wa mlango wa pili.

Mzee huyu ni Mpunjabi, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Ujanani aliwinda na baba yake, miaka mingi kabla Kenya haijapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nilimwonyesha mpango wangu wa kwenda peke yangu: ramani, upepo, mahali pa kujificha. Akausoma wote, akavua miwani. "Kijana, ukishaua, utambeba vipi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimefikiria kabisa.

Hebu tupige hesabu. Kulungu jike wa aina ya fallow ana kilo 35 hadi 56. Ukitoa matumbo palepale unapunguza mzigo, lakini bado unabaki na kama kilo 30 za kuburuza kwenye tope, gizani, na hakuna wa kumpigia kelele. Wenzetu wa Alaska wanaowinda moose ndio wana kazi: dume anaweza kupita kilo 500, na sheria ya kule inakulazimisha uitoe nyama yote inayolika. Ukiwa na kilo 200 za nyama na unabeba 30 kila safari, hizo ni safari saba. Peke yako!

Huku Uingereza mambo ni madogo zaidi, ila masharti yapo. Unahitaji leseni ya bunduki kutoka polisi na ruhusa ya mwenye ardhi. (Wale wa Richmond Park waache, tafadhali.) Majike wa fallow huwindwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Usiku hairuhusiwi: mwisho ni dakika 60 baada ya jua kuzama, na katikati ya Novemba jua linazama saa kumi na dakika chache tu.

Basi nikaandika mpango upya, nikianzia mwisho. Gari litakaa wapi? Kutoka hapo, sipigi chochote kilicho mbali zaidi ya mita 400. Kamba, kisu, tochi ya kichwani, mifuko safi, masanduku mawili ya barafu kwenye buti, kwa sababu nyama inatakiwa ishuke hadi nyuzi 7 au chini yake. Mama anajua niko shamba gani na nitampigia saa ngapi. Nisipopiga, anajua ampigie nani. Na bismillah kabla ya kufyatua. Mambo mengine ya uhalali nilimuuliza sheikh mapema, si nikiwa nimeshamsimamia mnyama.

Siku ya kwanza, saa tisa na nusu alasiri, jike akatokea ng'ambo ya bonde. Ametulia, ubavu wote wazi. Kati yetu kulikuwa na kijito na mlima wa kupanda. Kidole kiliwasha, sidanganyi. Nikashusha bunduki. Nilirudi Southall mikono mitupu, na mama akacheka mpaka akakaa chini: "Mwindaji wangu, pita Broadway basi ununue kuku."

Wiki mbili baadaye nilipata muntjac, kulungu mdogo asiye na msimu wa kukatazwa. Kilo 12 tu, na hatua mia mbili kutoka kwenye gari. Aliingia kwenye shanta la mgongoni.

Paja moja nilimpelekea mzee. Hakuuliza nilivyompiga. Aliligeuza, akalinusa, akatafuta uchafu au unyoya, hakuona. "Umembeba vizuri," akasema, akaenda kutafuta pilipili.

Ukitaka kwenda peke yako, anza na swali lake. Kama huna jibu, hujawa tayari kufyatua.