Data za tovuti: Hatari ya vitambulisho kugongana

KUHAMISHIA makala katika ghala jipya la tovuti si kunakili tu. Faili za XML, lugha iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka wa 1998, hubeba maandishi, tarehe na mara nyingi kitambulisho cha kila makala.

Hatari huzuka pale kitambulisho kinachoingia kinapokuwa tayari kimo ghalani. Kanuni za JCR, zilizokamilishwa mwaka wa 2005 kwa maghala yanayotumia lugha ya Java, hutoa njia nne: kuyapa makala yanayoingia kitambulisho kipya, kuyafuta ya zamani na kuyaweka mapya yanakopelekwa, kuyaweka mapya mahali pale pale palipokuwa na ya zamani, ama kusitisha shughuli nzima.

Njia ya pili na ya tatu zaweza kufuta kazi ya miaka mingi bila onyo. Kwa hivyo, ni salama kuanza na ya nne, inayofichua mgongano mapema.

Aidha, data zikiingizwa kupitia kikao, mabadiliko husubiri hadi mhusika aamuru yahifadhiwe. Zikiingizwa moja kwa moja, hakuna nafasi hiyo. Atakayeokoka ni aliyetunza nakala.