Vinka: Ua la Kupanda Penye Jua Kali

Je, mbele ya nyumba yako pana ukingo unaochomwa na jua kutwa, na kila ua unalopanda hapo hunyauka? Basi jaribu vinka. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ambacho watu wa pwani walikiita Bukini. Ni kichaka kifupi, kwa kawaida hakizidi futi mbili, nacho hutoa maua meupe, ya waridi au ya zambarau kwa muda mrefu. Hakihitaji kupandwa upya kila mwaka.

Wakulima wa Thika na Ruiru wazoee jambo moja: vinka hupenda joto. Ukisia mbegu Juni au Julai, baridi itaichelewesha. Afadhali usie mwanzo wa Septemba, ili miche iwe tayari kwa mvua za vuli.

Changanya udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Tia katika kisanduku au mikebe iliyotobolewa chini. Fukia mbegu kidogo tu, kisha funika kwa gunia, maana mbegu hizi huota gizani. Zikichipua, ondoa gunia mara moja. Mche ukiwa na majani sita hivi, uhamishe jioni, ukiacha inchi 10 kati ya mmoja na mwingine. Kata ncha ya kila mche ili utoe matawi mengi.

Adui mkubwa wa vinka ni maji yanayotuama. Udongo mwekundu hupitisha maji vizuri, lakini mwenye udongo mweusi wa mfinyanzi lazima ainue tuta, la sivyo mizizi itaoza wakati wa masika. Mwagilia pale tu udongo unapokauka, tena shinani, si juu ya majani. Usizidishe mbolea, utapata majani badala ya maua.

Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Mmea huu una sumu, majani na mizizi pia. Usiupande mahali mbuzi au ng'ombe wanapofikia, wala usiwatupie matawi uliyoyakata. Wafundishe watoto wasiutie kinywani.

Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Kanada na Marekani walipata ndani yake dawa za saratani, vinblastini na vinkristini, ambazo zimeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Lakini dawa hizo hutengenezwa viwandani na kupimwa kwa uangalifu mkubwa, na daktari ndiye anayezitoa. Anayechemsha majani nyumbani hajui amekunywa kiasi gani, na kosa hilo laweza kumwua. Mgonjwa na apelekwe hospitali.

Mimea yako ikizeeka na kurefuka ovyo, chukua vipandikizi vya inchi 4, uvipande kivulini mpaka vishike mizizi. Hivyo utapata miche mipya bila kununua mbegu, na itakayobaki waweza kuwauzia majirani.