Melatonini na Usingizi wa Wanariadha wa Arusha

Melatonini ni homoni inayotolewa na tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo giza linapoingia. Iligunduliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kazi yake ni kuujulisha mwili kwamba usiku umefika, wala haimlazi mtu kwa nguvu.

Arusha iko takribani digrii 3 kusini mwa ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Mkimbiaji anayejifua chini ya Mlima Meru, akizima taa na simu mapema, huipata homoni hiyo bure, na kidonge kitamwongezea kidogo sana.

Faida iliyothibitika zaidi ni kwenye safari ndefu za ndege. Tokyo, ambako mkimbiaji Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia Septemba 2025, iko saa 6 mbele ya Tanzania: usingizi wa saa nne usiku wa Arusha humjia mgeni saa kumi alfajiri ya huko. Dozi ya miligramu 0.5 hadi 5, ikimezwa wakati wenyeji wanapolala, husaidia kurekebisha saa ya mwili. Madai kwamba vidonge huponya misuli iliyochoka yana ushahidi hafifu. Misuli hujengwa na usingizi wenyewe pamoja na chakula.

Melatonini haimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa Marekani na Kanada vimekuta bidhaa zenye kiasi tofauti kabisa na kilichoandikwa kwenye lebo. Mwanariadha amwone daktari kwanza, na asikijaribu kidonge kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia mashindano.