Upasuaji wa Urembo Nao Una Arobaini Yake

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita.)

Leo nataka kuzungumza juu ya tumbo la mdogo wangu. Ruhusa amenipa mwenyewe, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala hospitali alikopasuliwa. Sharti la pili lilikuwa nisimsitiri kwa uongo, kwa sababu, anavyosema mwenyewe, uongo ndio nusura umuue.

Mdogo wangu ana miaka 41 na watoto wanne, wawili wa mwisho mapacha. Tangu azae mapacha hao, tumbo lake halikurudi mahali pake. Alijinyima wali, alikimbia alfajiri, alijifunga khanga usiku kucha kama walivyotufundisha bibi zetu, wapi! Akipanda daladala watu walimpisha kiti wakidhani ni mjamzito. Naye alikaa, akashukuru, kisha akashuka analia. Mapacha wakati huo walikuwa na miaka tisa.

Siku moja akanionyesha tangazo kwenye simu. Lilikuwa na picha mbili, ya kabla na ya baada. Ya kwanza ilikuwa ya tumbo kama lake, ya pili tumbo bapa kama sinia. Kati ya picha hizo palikuwa na mstari mweupe, basi. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya huo mstari mweupe.

Sikuja hapa kumhubiria mtu. Upasuaji wa urembo umetoka katika fani ile ile inayowashonea watoto mdomo sungura na kukunjua vidole vilivyogandamana kwa kuungua moto, kazi ambayo hospitali ya CCBRT pale Msasani imewafanyia wengi. Wala si mambo ya wacheza sinema peke yao. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kuwapunguza watu mafuta na kuwarekebisha maumbile. Anayetaka hahitaji tena kusafiri hadi India au Uturuki, ingawa wapo wanaoendelea kusafiri.

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kunyonya mafuta ni daktari kupitisha mrija mwembamba chini ya ngozi, kwa kutumia matundu madogo, na kuyavuta mafuta yatoke. Kazi hiyo haikazi ngozi iliyolegea wala hairudishi misuli. Kukaza tumbo ni habari nyingine kabisa. Mkato hutoka nyonga hadi nyonga, chini pale panapofichwa na chupi. Ngozi huinuliwa hadi karibu na mbavu, misuli ya mbele iliyoachana kwa ajili ya mimba hushonwa ikutane tena, ngozi ya ziada hukatwa ikatupwa, na kitovu hutafutiwa tundu jipya. Ni kazi ya saa kadhaa chini ya dawa ya usingizi. Na katika hayo mawili hakuna lililo dawa ya unene. Daktari mwema humwambia mwenye uzito mkubwa apungue kwanza, na anayetaka kuzaa tena amalize kuzaa kwanza, maana mimba itaifumua kazi yote.

Mdogo wangu alipimwa damu, sukari na shinikizo. Aliulizwa kama anavuta sigara, kwani sigara hubana mishipa midogo, na ngozi iliyokosa damu huweza kuwa nyeusi na kufa pale pale kwenye mshono. Aliulizwa juu ya aspirini na mitishamba, kwa kuwa vingine huzuia damu kuganda. Mwisho muuguzi akamwuliza swali ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: nyumbani atakuuguza nani? Akajibu, mume wangu. Shemeji yangu wakati huo alikuwa kazini Mtwara na hakuwa na habari yoyote. Ofisini aliaga kwamba anakwenda kutolewa uvimbe. Mama alimwambia anakwenda semina. Mimi tu ndiye niliyejua, nami nilikuwa nimeapishwa nisiseme.

Alipozinduka koo lilimwuma kwa sababu ya mrija wa kupumulia, alitetemeka baridi, akatapika. Kutapika na tumbo lililoshonwa, wasikilizaji, nawaachia mpime wenyewe. Ubavuni alining'inia mirija miwili yenye vichupa, inayotoa maji mekundu yanayojikusanya chini ya ngozi. Siku ya tatu tukarudi kwangu Tabata na vichupa vyake. Kila asubuhi nilipima maji hayo na kuandika kwenye daftari la shule la mwanangu, mpaka yalipopungua kiasi cha daktari kuridhika kuitoa mirija.

Hakuweza kunyooka. Alitembea ameinama kama bibi anayeokota kuni, na alilala chali, mito chini ya magoti, ili mshono usivutwe. Mchana na usiku alivaa nguo ya kubana, na mnajua joto letu la Januari. Alipata choo kigumu kwa sababu ya dawa za maumivu. Kupiga chafya ilikuwa msiba.

Kisha likaja jambo ambalo halimo katika tangazo lolote. Katika wiki hiyo ya kwanza alijitazama kwenye kioo akakuta tumbo limevimba, lina madoa ya damu iliyovilia, rangi ya bilinganya. Akakaa kitandani akalia: "Dada, nimeitupa pesa ya kikoba." Nami sikujua la kumjibu. Baadaye daktari alitueleza kwamba ndivyo inavyokuwa. Uvimbe huzidi katika siku za mwanzo kabla ya kupungua, na wagonjwa wengi hupita katika majonzi hayo hayo. Lau tungaliambiwa mapema, au lau tungaliuliza, tungaliokoa machozi mengi.

Siku ya sita kigimbi cha mguu wa kushoto kikaanza kumwuma. Niliutazama mguu huo, ulikuwa mnene kuliko mwenzake na una joto. Yeye akasema ni kwa ajili ya kulala sana. Nikasema tupige simu hospitali. Akasema hapana, watamtaka mume wangu. Tukabishana, watu wazima wawili, karibu saa nzima. Mwishowe nilikiuka kiapo changu. Nilimpigia shemeji Mtwara nikamwambia mke wako kapasuliwa tumbo na mguu umevimba. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha akauliza, "Tumbo gani?"

Ilikuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa wa mguu. Mtu aliyepasuliwa na kulala bila kutembea yumo katika hatari hiyo, na ndiyo maana wauguzi humwinua mgonjwa atembee hatua chache mapema, hata kama anawalaani. Donge hilo likikatika hupanda hadi kwenye mapafu, na huko huweza kuua kwa dakika chache. Mdogo wangu alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda akaitumia miezi mitatu. Ni hatari hiyo hiyo inayowafanya madaktari wa Uingereza wawaambie waliokazwa tumbo nchi za nje wasipande ndege kabla ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo mwenye kukata tiketi ya kurudi siku ya nne hajapiga hesabu vizuri.

Basi nichukue nafasi hii kutaja yale ambayo hayasubiri asubuhi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla au kifua kuchoma, homa inayopita nyuzi 38, usaha wenye harufu, ngozi ya mshono kuwa nyeusi, na upande mmoja wa tumbo kufura na kuwa mgumu kwa ghafla. Mwuguzi asiyeyajua haya ni sawa na kutokuwa na mwuguzi.

Shemeji alifika kwa basi la usiku. Hakugomba. Mama naye alikuja, na alikuwa na maneno yake, ambayo hayafai redioni, lakini alikuja na sufuria ya uji. Hapo ndipo nilipofahamu jambo moja. Mwanamke akizaa sisi tunajua la kufanya. Anakaa arobaini, habebi ndoo, hafui, wenziwe wanampikia, mtu mzima anamtazama macho kama yana homa. Madaktari nao humwambia aliyekazwa tumbo akae wiki sita bila kunyanyua kitu kizito, wala ndoo ya maji wala mtoto. Wiki sita ni siku 42. Ni arobaini ile ile! Tofauti ni kwamba hii inakaliwa kwa siri, na hakuna anayekuja na uji. Aliyesema anakwenda semina ya siku tano atarudi kazini siku ya sita, hata kama mshono unafumuka.

Siri ina gharama nyingine kubwa zaidi. Inamfanya mtu achague mahali pa kificho badala ya mahali pa kufaa. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja wa Nairobi alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na Baraza la Madaktari la Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Wala tusidhani pesa ni kinga. Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wa wakati huo, alifariki Oktoba 23, 2005 huko Marbella, Hispania, baada ya upasuaji wa namna hii, zikiwa zimebaki wiki tatu atimize miaka 60. Mwaka 2009 mahakama ya huko ilimtia hatiani daktari aliyemfanyia.

Na kuna hili la kuongeza makalio, linalozungumzwa sana saluni. Mafuta hunyonywa tumboni na kuchomwa kwenye makalio. Mafuta yakiingia ndani ya msuli yanaweza kupenya kwenye mishipa mikubwa ya damu na kwenda moja kwa moja kwenye moyo na mapafu. Kwa sababu ya vifo vya namna hiyo, mwaka 2018 chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache kabisa kazi hiyo. Mwaka 2022 kiliilegeza, kwa sharti kwamba mafuta yawekwe juu ya msuli tu, na daktari atazame sindano yake kwa mashine ya ultrasaundi. Aliyefanyiwa hatakiwi kukalia makalio wiki kadhaa. Kwenye daladala atakaaje, sijui. Na sehemu ya mafuta hayo, pengine theluthi moja, hunyonywa tena na mwili. Ama hizo sindano zinazochomwa vyumbani na mtu asiye daktari, kwa mafuta yasiyojulikana, sina ushauri juu yake ila kukimbia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza jina kamili la daktari ukalitafute katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza nani atatoa dawa ya usingizi, na mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi. Uliza bei inahusu nini, maana bima kwa kawaida hailipii urembo, na nguo ya kubana, vipimo na kurudi chumba cha upasuaji huweza kuwa juu yako. Kama chanjo ya begani au tundu la hereni liliwahi kukuachia kovu lililotuna, mwambie daktari kabla, kwa sababu ngozi yetu nyeusi huwa na tabia hiyo zaidi, na mkato wa tumbo ni mrefu kuliko tundu la hereni.

Mdogo wangu sasa ametimiza mwaka mmoja na nusu. Kovu lipo, jembamba na jeusi, na litabaki. Chini ya kitovu bado hana hisia vizuri. Wakati fulani aliweka chupa ya maji ya moto hapo akaungua bila kujua. Uvimbe wa jioni ulichukua miezi mingi kuisha. Nilimwuliza kama angerudia. Akasema ndiyo, ila safari hii angewaambia watu wa nyumbani kabla ya kumwambia daktari.

Juzi tulipanda daladala pamoja pale Buguruni. Lilijaa, na hakuna aliyempisha kiti. Alisimama hadi Posta, ameshika bomba, anacheka peke yake.